Bi mkubwa anahamia nyumba ndogo, vitu havitoki, mlifanyaje?

MtotoWaKati:
Wakuu habari zenu, naomba ushauri kwa waliowahi kumhamisha mzazi. Mama ana miaka 78, yuko peke yake kwenye nyumba kubwa ya ngazi tangu mzee afariki na magoti yameshagoma, tumekubaliana (na yeye mwenyewe kakubali, hilo niliseme mapema) ahamie nyumba ya vyumba viwili isiyo na ngazi, jirani na dada yangu. Shida ni vitu. Kila tukigusa kitu ni kesi. Juzi asubuhi nzima imeishia kwenye droo moja ya jikoni, ndani kuna kopo la funguo, funguo kibao na hakuna ajuaye hata moja inafungua nini, makufuli yenyewe mengine yalishatupwa kabla sijazaliwa. Nikasema mama hizi si tutupe tu, akanyanyuka akaenda kulala na kopo lake. Kaka zangu wanasema mama apelekwe kwa dada wikiendi, tulete lori, akija kushtuka kazi imeisha. Mimi roho inakataa ila njia nyingine siioni, na nyumba inatakiwa iwe wazi mwisho wa mwezi ujao. Mlianzia wapi?

mama_nasra:
Pole ndugu yangu. Hiyo ya lori kataa kabisa. Mama yako hajakataa kuhama, anachokataa ni kuamuliwa, hayo ni mambo mawili. Mkimfanyia hivyo kila atakachokikosa huko mbele atajua nyie ndo mlikitupa, hata kile alichokigawa kwa mkono wake miaka ile.

Sisi kwa mama mkwe tulianza na nyumba MPYA siyo ya zamani. Mume wangu alienda na tepu akapima vyumba vyote, upana wa milango, dirisha linaanzia wapi, soketi ziko wapi. Tukarudi tukabandika selotepu kwenye sakafu ya sebule ya zamani, mraba wa ukubwa ule ule wa sebule mpya, tukamwambia mama hii ndo sebule yako, tupangie. Alizunguka pale na fimbo yake, akatuambia tuingize sofa kubwa, tukaingiza, akajaribu kupita kwenda "dirishani" akakwama. Hatukusema neno. Akasema mwenyewe itoeni hiyo, leteni vile viti viwili vya mbao. Sofa ambalo tulikuwa tunabishania wiki nzima liliondoka bila kelele.

Halafu usianze na chumbani kwake wala na picha wala na nguo za marehemu. Anza stoo, bafuni, huko ambako vitu havina stori. Picha na barua ziwe za mwisho kabisa kwa sababu ukifungua albamu moja siku imeisha, wala siyo kosa la mtu. Na asubuhi ni bora, akishachoka kila kitu kinakuwa cha thamani. Swali nalo lina namna yake, ukiuliza "mama hiki unakitaka?" jibu ni ndiyo kwa kila kitu, muulize "katika haya masufuria unayopikia ni yapi?" atakuchagulia manne na yaliyobaki mnaanza kuongea yaende kwa nani. Hilo la kwa nani ndo kubwa, wazee wengi hawapendi kutupa ila wanapenda kutoa, akijua mashine ya kushona inaenda kwa mjukuu fulani na mjukuu kaja kuichukua yeye mwenyewe, moyo unatulia.

Kopo la funguo mwache nalo, linakula nafasi gani?

Mkata_Maneno:
Mimi nitakuwa tofauti kidogo, msinipige mawe. Kubembeleza nako kuna mwisho. Nyumba ina tarehe, mkiendelea na droo moja kwa asubuhi mtafika hiyo tarehe mko jikoni bado. Kaeni na mama mumpe tarehe waziwazi, kila wiki ijulikane chumba gani kinaisha, na aitamke yeye. Kumficha ndo kubaya, kumwambia ukweli siyo kumdharau. Na msije mkakodi stoo ya nje eti "tutaamua baadaye", baadaye hiyo haifiki, mtalipa kila mwezi kutunza vitu ambavyo hakuna anayevitaka, mwisho mtavigawa vile vile.

sista_wa_zamu:
Mimi ni nesi, naongea upande wangu. Kuhama kwa mtu mzima kunaweza kumsumbua mwili na akili, wauguzi wana jina lake rasmi, msongo wa kuhamishwa, uliingia kwenye orodha ya utambuzi wa kiuguzi ya NANDA (chama cha wauguzi kinachoyapa majina matatizo ya wagonjwa) mwaka 1992, kwa hiyo akikosa usingizi, akikosa hamu ya kula, akinuna, siyo kwamba anawakomoa. Na kinachouzidisha ni kuhamishwa ghafla bila kushirikishwa, waambie hao kaka zako.

Sasa dawa. Dawa zote na miwani na vyeti na kadi ya benki na hati zikae kwenye begi moja la mkononi linalosafiri NA YEYE, siyo kwenye lori. Hakikisheni ana dawa za wiki mbili mbele maana siku za kuhama ndo watu wanagundua za presha zimeisha. Kama anatumia insulini, isigande na isiachwe kwenye gari lililopigwa jua. Zile zilizopita muda msimwage chooni, ulizeni duka la dawa kama wanazipokea. Na kama anabadilisha kliniki ombeni nakala ya faili lake mapema.

Nyumba mpya, kitu cha kwanza kufungwa ni kitanda chake, mengine yasubiri. Kikae kama kilivyokuwa kule, kama alikuwa anashuka kwa mkono wa kulia ashuke kulia, meza ndogo na taa upande ule ule, kwa sababu saa nane usiku akiamka kwenda chooni miguu inafuata ramani ya nyumba ya zamani. Wekeni mwanga njia yote ya kutoka kitandani mpaka chooni, mtu wa miaka 60 mwanga unaofika ndani ya jicho lake ni kama theluthi tu ya ule wa kijana wa miaka 20, kwa hiyo taa unayoona wewe inatosha kwake ni giza. Vizulia vidogo vinavyoteleza visihame kabisa, nyaya zisipite njiani, na bafuni fungeni vyuma vya kushikia vilivyochimbiwa ukutani, kishikio cha taulo siyo cha kuegemea.

La mwisho, akichanganyikiwa ghafla kabisa siku za mwanzo, haelewi alipo, anaongea visivyoeleweka, msiseme "ni kuhama huko", mpelekeni hospitali. Kwa wazee inaweza kuwa maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji au dawa, na vinatibika.

BabaMizigo:
Nimebeba mizigo ya watu miaka mingi, nawapa ya kazini. Vitabu na sahani boksi dogo, mashuka na mito boksi kubwa, watu wanafanya kinyume halafu boksi linapasuka ngazini. Andika chumba ubavuni mwa boksi siyo juu maana yakipangana juu hapaonekani. Skrubu za kitanda tia kwenye mfuko wa nailoni, ufunge kwenye mbao za kitanda hicho hicho. Friji lisafiri limesimama, likilazwa mafuta ya kompresa yanaingia kwenye mabomba, basi mkifika lisimamisheni masaa kadhaa kabla ya kuchomeka. Nyaya za tv piga picha kabla ya kuchomoa.

Na siku yenyewe bi mkubwa asiwepo kwenye upakiaji, hapo kaka zako wako sahihi nusu. Akishaamua vyote, akae kwa dada yako anywe chai, kuona nyumba yake inatolewa kipande kipande mlangoni huwa wanaumia sana, nimewaona.

MtotoWaKati:
Jamani asanteni, sijategemea. Jana nimejaribu ile ya selotepu (selotepu haikutosha nikamalizia na kamba) na mama kaingia mchezoni mwenyewe, kabati la vyombo kalitoa la kwanza, mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Kaka mkubwa alisimama pembeni amenuna ila mwishoni alikuwa anabeba viti. Swali moja limebaki, karatasi. Kuna masanduku matatu ya karatasi, risiti, barua, bili za miaka hiyo. Nichome?

mama_nasra:
Usichome kitu bila kukifungua! Hati, wosia, bima, pensheni, vyeti vya ndoa na kifo, hivyo pembeni. Vyenye namba za akaunti visivyo na kazi chanachana. Na pitia vitabu ukurasa kwa ukurasa, mifuko ya makoti, makopo ya jikoni, chini ya godoro, kizazi kile kinaficha hela popote, sisi tulikuta bahasha ndani ya mto wa kochi lililokuwa linaondoka kesho yake. Na mkiwa kwenye karatasi ongeeni na mama suala la nani ana mamlaka ya kumsainia akiugua, liandikwe kwa mwanasheria sasa hivi akili yake ikiwa sawa.

Mkata_Maneno:
Na wewe MtotoWaKati, vitu vyako vilivyoko huko kwa mama umeshavitoa? Madaftari ya shule, gitaa bovu, maboksi ya hao kaka zako? Nauliza tu.

MtotoWaKati:
🙈 Jumamosi nakuja na gari.