Tumesainishwa mafunzo ya usalama ambayo hatujapewa, leo karatasi hiyo hiyo inatugeukia

Jamani mie leo nina hasira, nikikosea lugha nisameheni mapema. Nafanya kazi ya ujenzi, saidia fundi mwaka wa 6 huu, saiti yenyewe huku Paje, Zanzibar, hoteli ya ghorofa tatu, kampuni siitaji wenyewe wanajijua.

Siku ya kwanza tukapangwa foleni asubuhi, tunadhani tunaandikwa majina ya posho, kumbe ni karatasi ya mafunzo ya usalama, Kiingereza kitupu, tia sahihi hapa haya nenda kachanganye zege. Dakika mbili hazikufika. Halafu tukavishwa kofia ngumu na vile vizibao vya kung'ara tukapigwa picha, picha zilipokwisha kofia zikakusanywa zikarudi stoo eti zisichakae!! Mpaka leo zinatoka siku ya wakaguzi tu.

Sasa wiki iliyopita kijana mwenzetu kateleza jukwaani, na jukwaa lenyewe ni boriti zimefungwa kamba, ubao mmoja wa kukanyaga, pembeni hakuna hata cha kushika. Mkono umevunjika pahala pawili. Mamake kaja kuuliza nani atalipa matibabu, akatolewa ile karatasi, mwanao alifundishwa bibi, sahihi yake hii, uzembe wake mwenyewe. Wallahi nilitaka kulia. Na foromani akaongeza lake, ajali haina kinga, ni qadari. Yakhe, kinga si ipo imefungiwa stoo na ufunguo unao wewe mfukoni! Qadari naiamini lakini hata ngamia tumeambiwa tumfunge kwanza ndo tutawakali.

Na mtu asiniambie mafunzo ghali. Kwani kumwambia mtu ngazi ikipanda mita 4 juu, chini uivute mita 1 kutoka ukutani inagharimu nini? Au kwamba kamba ya mkanda wa usalama hufungwa juu ya kichwa chako, pahala pagumu, sio kwenye boriti hiyo hiyo uliyosimamia. Msingi huku pwani tunachimba mchanga, hushuka bila ya kukupa taarifa, na kipande cha mita moja kila upande ni kama tani moja na nusu kifuani kwako, lakini vijana wanaingia shimo limewapita kichwa na kingo hazijazuiwa na chochote. Saruji mbichi nayo huunguza, mie nilisimama kwenye zege na kandambili vidole vikatoboka, nikahangaika na dawa ya fangasi mwezi mzima, hakuna aliyenambia nivae buti na nioshe kwa maji mengi pale pale. Yote haya saa moja, kwa Kiswahili, basi.

Sheria tunayo, ya Usalama na Afya Kazini namba 8 ya 2005, ya Zanzibar hii hii. Beit al Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoanguka 25 Disemba 2020 mafundi walikuwemo wanakarabati, wawili wakafariki. Lile ni jengo la 1883 dunia nzima inalijua ndo maana tukasikia, sasa sie wa vihoteli vya huku shamba tukianguka nani atasikia?

Jumatatu wameajiri vijana wapya, nimewaona kwenye foleni kalamu inapita mkono kwa mkono. Mmoja nikamnong'oneza soma kwanza, akanambia kaka mie Kiingereza nilikiacha skuli, nataka kazi.

Anayejua huyu kijana aende wapi kudai fidia anambie, maana hiyo karatasi hata nakala hatuna.