Anayevua furu na gogogo kwa ndoano naye akate leseni?

Kitanga: Wadau, hoja yangu: kila anayetupa ndoano Ziwa Victoria kujifurahisha akate leseni, hata kama anafuata furu, gogogo au ningu. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 tunayo, ila macho yote yako kwa sangara na sato. Ningu siku hizi kumwona ni bahati. Mnasemaje?

Ndoano Butu: Mkuu umekosa kazi. Furu ni samaki wa watoto. Utamdai leseni mtoto mwenye kijiti na nyungunyungu?

Mama Mwaloni: Samaki wa watoto?? Nimesomesha wanangu kwa furu mkavu. Wewe kula sato wako wa friji hukohuko mjini.

Kitanga: Nisikilizeni basi. Furu jike anaatamia mayai mdomoni. Ukimvuta nje anayatema yote pale mwambani, hata ukimrudisha majini kizazi kimekwenda. Na aina nyingi za furu zilishapotea baada ya sangara kupandikizwa.

Ndoano Butu: Sangara alipandikizwa enzi za mkoloni, bili mnatuletea sisi. Halafu mama, sili cha friji. Sato wangu ni wa asili ya ziwa hili.

Mwana wa Sengerema: Sato wa asili? 😂 Sato naye kaletwa miaka ya 1950. Wenyeji ni ngege na mbiru.

Ndoano Butu: Acha uongo. Babu yangu kala sato kabla ya uhuru.

Mwana wa Sengerema: Na 1950 na kitu ni kabla ya nini, kaka?

Gogo la Nne: Anayevua gogogo alipwe posho, siyo leseni. Ule mwiba wa ubavuni ukikuingia kidoleni, usiku hulali.

Kitanga: Turudi kwenye leseni jamani.

Mama Mwaloni: Leseni atakagua nani? Kila anayekuja na kitabu cha risiti anaondoka na fungu la samaki.

Ndoano Butu: Hapo tuko pamoja mama. Ila furu wako bado ni miiba mitupu.

Mama Mwaloni: Kwa asiyejua kupika. Mkaushe, mchemshe na nyanya, mwisho tia karanga za kusaga. Miiba hiyo utaitafuna bila kujua.

Mwana wa Sengerema: Karanga kwenye furu? Mama, huo ni upishi wa wapi tena?