Tupeane uzoefu: mtoto anayekwama akisoma kwa sauti

MamaHimbi (Goma)
Hodi jamani. Mitihani imekaribia, na jioni mtaa mzima unasikia "Rudia! Rudia tena!" halafu mtoto analia. Watoto wa darasa la pili na la tatu wanajua herufi zote, lakini mstari mmoja unaenda kama chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, inayopandishwa kwenye mawe ya lava. Wenye ujuzi watoe mbinu, si lawama.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)
Mama, anza na hesabu ya darasani. Tangu masomo ya msingi yawe ya bure hapa Kongo 2019, madarasa yamejaa. Chukua watoto 60 na somo la dakika 30: kila mmoja ana nusu dakika, na wengi hawaipati, wanaitikia tu pamoja na wenzao. Nyumbani ndipo sauti yake inapata nafasi.

Chagua kipande cha maneno 50 hadi 100, usichukue ukurasa mzima. Asome mara ya kwanza wewe ukihesabu makosa. Yakizidi 5 katika maneno 100, kipande ni kigumu, tafuta chepesi. Hapo ndipo wazazi wengi wanaharibu: wanamng'ang'anizia kitabu cha darasa lake hata kama kila neno la tatu linamshinda. Kisha msomee wewe, kwa mwendo wa kuongea, yeye akifuata kwa kidole. Msome pamoja mara moja. Halafu asome peke yake mara mbili au tatu. Akikwama, hesabu kimya moja, mbili, tatu kabla ya kumtajia neno. Dakika 15 zinatosha, na kesho mnaanza na kipande kilekile. Kurudia huku kulielezwa vizuri na Samuels wa Marekani tangu 1979, na hakuhitaji pesa.

Papa_Katindo (Goma)
Naunga mkono hizo tatu za kimya. Wakubwa wanamrukia mtoto kabla hajafungua mdomo.

Kenya_Lushi (Lubumbashi)
Mnaongelea wanaokwama. Asiyekwama kabisa ndiye wa kuangaliwa! Kuna mtoto wa darasa la tatu hapa mtaani, alikuwa anawasomea wageni bila kusita, baba amejaa fahari. Mgeni mmoja akafunika picha kwa kiganja, akamwonyesha neno la katikati ya mstari wa nne. Kimya. Akamwonyesha jingine. Kimya. Mtoto akarudi juu kabisa, akaanza kwa wimbo uleule hadi akalipita lile neno bila kulitambua. Kitabu chote kilikuwa kichwani, machoni hamna kitu. Baba akainua mkono, mama akasimama katikati.

Hilo linatokana na kuitikia kwa pamoja kila siku. Dawa yake: andika maneno ya kipande kwenye vikaratasi, vichanganye, asome kimoja kimoja. Asipoweza, rudi kwenye silabi: ba be bi bo bu, kisha mba, nda, nya, mwa, ng'o. Hizi za mwisho ndizo zinazokwamisha wengi, kwa sababu wanasoma m, halafu b, halafu a, badala ya kuzishika kwa mkupuo.

Mama_Ruzizi (Bukavu)
Yesu wangu, alipigwa?

Kenya_Lushi
Hapana, mama alimkinga. Sasa wako kwenye silabi, na anasoma kweli.

MamaHimbi
Moyo umenishtuka. Leo hii nafunika picha.

Kenya_Lushi
Jambo jingine: mtoto wa Lubumbashi akiona "mtoto" atasoma "mutoto". Msihesabu kosa.

Mwalimu_Mkongwe (Bukavu)
Ni kosa! Siku ya dikte (imla) ataandika hivyohivyo.

Kenya_Lushi
Mwalimu, kwa heshima, dikte ni saa nyingine. Huyo ameelewa neno na amelitamka kama nyumbani kwao. Ukimkatiza hapo, anapoteza sentensi nzima.

Mwalimu_Kadutu
Amalize sentensi kwanza. Kisha mwonyeshe ile m inayosimama bila irabu, aitamke midomo ikiwa imefungwa. Anayestahili kusimamishwa papo hapo ni aliyesoma "alikula" mahali pa "alikuwa".

Mwalimu_Mkongwe
Hapo nakubali nusu.

Mama_Ruzizi
Kifaransa nacho kinaingilia. "Chai" inakuwa "shai", "jina" linaanza na j ya "jour", na "kuimba" inapitia puani. Mtoto si mzembe, herufi moja amefundishwa sauti mbili. Msichanganye lugha mbili kwenye kikao kimoja. Kwenye Kifaransa, pigeni mstari wa penseli chini ya herufi zisizotamkwa: "ent" ya "ils parlent", "p" ya "beaucoup". Akizoea, futeni.

Papa_Katindo
Penseli hiyohiyo igawe sentensi: Mama Furaha / alienda soko la Virunga / kununua ndizi na mafuta. Avute pumzi kwenye mkwaju tu. Anayesoma neno-neno akifika mwisho ameshasahau mwanzo.
Na mpimeni kwa saa ya simu: maneno sahihi katika dakika moja, mwandike kwenye kaye (daftari), aone yanavyopanda.

Mama_Ruzizi
Saa hapana. Atakimbia na kumeza nukta.

Mwalimu_Kadutu
Saa mara moja kwa wiki, tena kwa kipande alichokwisha kukizoea. Na akimaliza, aulizwe nani alienda wapi. Akishindwa kujibu, mwendo huo hauhesabiwi.

Mwalimu_Mkongwe
Kabla ya yote, tazameni macho. Anayeruka mistari, anayesogeza kitabu puani au kukunja uso, apimwe macho kwanza. Umeme ukikatika, taa ikae upande, kivuli cha kichwa chake kisifunike kitabu.

MamaHimbi
Na nyumba isiyo na kitabu?

Mwalimu_Mkongwe
Kaye na biki. Aeleze alichofanya leo, wewe uandike sentensi tano kama alivyozisema, kwa herufi kubwa, nafasi pana kati ya maneno. Hizo ndizo asome kesho asubuhi kabla ya shule, na jioni mwongeze nyingine mbili.