Naomba ushauri: nifundisheje heksafloridi ya platini?

Wakuu, habari za kazi. Nafundisha kemia kidato cha sita na nimekwama kwenye heksafloridi ya platini (PtF₆). Kisa cha mwanakemia Neil Bartlett, Kanada, 1962, wanafunzi wanakipenda sana: mvuke mwekundu wa PtF₆ unakutana na zenoni, gesi isiyo na rangi iliyodhaniwa haiungani na kitu, papo hapo inatokea yabisi ya manjano. Hata hoja yake wanaielewa. Alishaona PtF₆ ikiinyang'anya oksijeni elektroni na kutoa O₂⁺PtF₆⁻; na nishati ya kuing'oa elektroni zenoni, kama kJ 1170 kwa moli, inakaribiana mno na ya molekuli ya oksijeni. Kwangu mimi, hapo ndipo utamu wa kemia ulipo.

Shida ni zao la mmenyuko huo. Kitabu ninachotumia kinaandika XePtF₆, basi, ilhali kilichopatikana ni mchanganyiko wenye ioni za XeF⁺ pamoja na PtF₆⁻ na Pt₂F₁₁⁻. Je, niwape fomula rahisi kwanza, au niwaeleze yote tangu mwanzo? Na mtihani ukiuliza, waandike jibu lipi? Aliyewahi kuifundisha mada hii anisaidie tafadhali, kipindi ni wiki ijayo.