Michongoma au minyaa? Naomba ushauri wa uzio

Wakuu, nina kiwanja Chanika, mita 20 kwa 30. Nyumba imefika kwenye lenta, hela ya ukuta wa tofali sina, na mbuzi wa jirani wameshatafuna mipapai yangu yote minne. Imebaki vijiti tu.

Minyaa inaota upesi, unachomeka tawi basi, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, na nina watoto wadogo. Michongoma ikishafunga hata kuku hapenyi, lakini inachelewa. Fundi ananisukumia nguzo za zege na seng'enge (yeye anataka kazi). Mama mkwe anasema makuti yatosha. Kwa mchwa wa huku?

Mliopanda michongoma, miche mliachanisha kiasi gani, na ilichukua muda gani hadi mbuzi akashindwa kupita?