Mbwa katelekezwa na jirani aliyehama: shamba, kampuni ya ulinzi, Arusha au nibaki naye?

Kaka wa Segerea
Salaam wakuu. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta amehama na familia yake. Kenta ilibeba mpaka ndoo za maua, mbwa wakamwacha getini. Tukadhani watamrudia. Simu ya jirani sasa haipatikani, na mwenye nyumba yake ameshaleta mafundi rangi wanaomfukuza kwa mawe. Mke wangu alimtupia ugali na vichwa vya dagaa, basi ndiyo kahamia mbele ya geti letu.

Nina njia nne kichwani. Mjomba ana shamba Mlandizi, anasema alete tu. Kuna jamaa wa kampuni ya ulinzi amemwona akampenda. Kuna kituo cha kuokoa mbwa Arusha, Mbwa wa Africa pale Usa River, shemeji yangu anakaa Tengeru anaweza kwenda kuwauliza. Au nibaki naye. Ipi bora? Natanguliza shukrani.

Chuma Chakavu
Dume au jike? Umri? Amechanjwa? Una watoto wadogo? Hapo ni kwako au umepanga? Unataka tulinganishe njia nne halafu mbwa mwenyewe hujamweleza.

Mla Mua
Na picha iko wapi? Uzi bila picha ni umbea.

Bwana Banda
Mkuu, huyo ni koko, usijipe presha. Mwache ataondoka mwenyewe. Ukitaka mbwa wa maana nina watoto wa German Shepherd, baba na mama wapo unawaona kwa macho. Njoo faragha tuongee.

Mama Pacha
Bwana Banda kila uzi wa mbwa lazima ufungue duka. Koko ndiye mbwa wa nchi hii. Hao wako wa manyoya wanahema kama bodaboda mbovu kuanzia Novemba mpaka Machi, na kliniki unawapeleka kuliko unavyowapeleka watoto.

Bwana Banda
Wateja wangu hawalalamiki.

Kaka wa Segerea
Samahani wakuu, network ilikata. Ni jike. Rangi ya majani makavu, pua nyeusi, kimo cha kati. Umri sijui ila meno bado meupe. Nimepanga, tupo nyumba tatu ndani ya geti moja. Chanjo sijui, jirani hakuwahi kusema. Ni mpole, anajua "sit".

Mla Mua
Haya, msomi huyo. Hivi kwa nini mbwa wote wa Bongo wanaamrishwa kwa Kiingereza? Baba yangu Kiingereza chake kiliishia darasa la saba, lakini akikutana na mbwa utasikia "come! go! stop!"

Chuma Chakavu
Kwetu Songea tulikuwa tunawaita kwa mluzi na wanaelewa vizuri tu. Tusitoke kwenye mada.

Mama Pacha
Kaka, acha nikupe habari ya kampuni ya ulinzi, halafu uamue mwenyewe.

Nilikuwa na mbwa anaitwa Bosi, dume, wa kuokota vilevile. Tulimkuta Mbezi kavunjika mguu wa nyuma. Akapona, akawa anachechemea kidogo, lakini sauti yake ilikuwa inatikisa bati. Tulipohamia ghorofani nikampa kampuni moja ya ulinzi, jina nalihifadhi. Walikuja na gari lenye vizimba, wamevaa sare, kila mbwa ana kadi yake ya chanjo. Nikasema mwanangu kapata ajira.

Miezi ikapita. Siku moja nimekwenda bohari fulani Vingunguti kufuata mabati, nikasikia mbweko ninaoujua. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya zege, mnyororo mfupi kiasi kwamba hawezi kulala mbali na mavi yake. Ncha za masikio zimeliwa na inzi, zimekuwa magamba meusi yanayotoa maji. Akitikisa kichwa damu inaruka, na ukuta wa nyuma yake ulikuwa umejaa vidoadoa vya kahawia mpaka usawa wa goti langu. Mlinzi aliyekuwa naye ni kijana mstaarabu. Akaniambia, "Mama, hata mimi mshahara haujaingia. Chakula chake kinakuja mara moja kwa siku, kikija."

Nikaenda ofisini kwao. Hapo ndipo nilipochoka. Karatasi ya makabidhiano niliyosainishwa getini imegeuka hati, mbwa ni mali ya kampuni. Nikabembeleza, nikafoka, wapi. Mwisho wakanipa bei. Mbwa wangu mwenyewe nikamnunua! Nikampeleka kwa dada yangu Morogoro, akaishi huko mpaka uzee, amenona, masikio yana mapengo kama jani lililoliwa na viwavi.

Kwa hiyo huyo jamaa aliyempenda, muulize atalala wapi, atalishwa na nani, na siku wakiishiwa kazi naye anarudi kwa nani. Akianza kujiumauma, funga geti.

Chuma Chakavu
Pole sana Mama Pacha, ila usipake wote matope. Mdogo wangu ni mshika mbwa kwenye kampuni nyingine hapa mjini. Mbwa wao wanapikiwa wali na utumbo kila jioni, daktari anakuja, wana zamu na mapumziko. Tatizo ni kwamba wanataka dume au mbwa mdogo wa kufundishika. Jike mpole anayejua "sit" wanamtaka wa nini? Hapo ndipo mimi ninapopata wasiwasi.

Mama Pacha
Nimesema kampuni moja. Soma vizuri.

Chuma Chakavu
Nimesoma vizuri.

Dokta wa Ng'ombe
Nimesomea SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, nafanya kazi ya mifugo huku Pwani, naomba nichangie.

Shamba linasikika vizuri, lakini jiulize mjomba anafuga nini. Mbwa wa mjini ambaye hajawahi kuishi na kuku ataua kuku siku ya kwanza, na mjomba atamuua yeye siku ya pili. Mlandizi nayo iko barabara ya Morogoro, malori usiku kucha. Mbwa mgeni huwa anatoroka kurudi alikotoka, kwa hiyo lazima afungiwe ndani kwa muda, alishwe na mtu mmoja, ndipo aachiwe. Kama mjomba hana banda wala uzio, hapo unamhamishia tatizo tu.

Arusha ni zaidi ya kilomita 600. Kusafirisha mbwa mkoa hadi mkoa unatakiwa upate kibali cha afisa mifugo, na huko atauliza kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Nimeona watu wanawasukumiza kwenye buti la basi chini ya mizigo. Joto la mle mbwa hafiki, mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema. Na vituo vya namna hiyo huwa vimejaa, kwa hiyo usimpakie kabla hawajakujibu kwamba nafasi ipo.

Swali langu: tumbo lake likoje? Chuchu zimevimba?

Nairobi Kando
Huku kwetu rahisi kidogo. KSPCA, shirika la kutunza wanyama pale Lang'ata Road, wamekuwepo tangu enzi za mkoloni, unapeleka mbwa au unaenda kuchukua mmoja. Wanachanja na kuhasi kabla hujapewa. Dar hakuna kitu kama hicho?

Mla Mua
Dar kuna mafundi rangi na mawe.

Ustadh Mkwezi
Mleta mada hajasema kama ni Muislamu, na majirani zake wa ndani ya geti je? Mate ya mbwa ni najisi kwa madhehebu yetu ya Shafii, chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kumfuga ndani kama paka haifai. Kulinda, kuwinda na kuchunga imeruhusiwa. Msije mkagombana na wenzenu kwa sababu ya mbwa.

Chuma Chakavu
Ustadh, na yule aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa maji kwa kiatu?

Ustadh Mkwezi
Hadithi sahihi kabisa, na mbwa ametajwa pia katika Suratul Kahf. Sijasema amtese. Kumlisha kuna thawabu. Nimesema asimlaze sebuleni.

Mla Mua
Kumbe na mke wangu ni Shafii, kila siku ananilaza sebuleni.

Kaka wa Segerea
Nashukuru wote. Nyumba ya pili ni Waislamu, hawajasema kitu, ila mama wa pale anapita kwa mbali akiwa ameinua gauni. Mjomba ana kuku, ndiyo, kama hamsini hivi. Uzio ni michongoma.

Dokta, chuchu naona zimeshuka kidogo na tumbo limejaa, nilidhani ni ugali. Na kuna jambo lingine, sijui kama lina uzito. Juzi mtoto wa nyumba ya tatu alimshika mkia wakati anakula, akamparura kwa jino mkononi. Damu ilitoka kidogo tu. Wakampaka mafuta ya taa, sasa anacheza.

Dokta wa Ng'ombe
Kaka! Hilo ndilo lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza.

Sasa hivi, usisubiri kumaliza kusoma uzi. Mtoto aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama ni juzi. Kisha hospitali, leo, aanze sindano za kichaa cha mbwa. Waambieni damu ilitoka, kwa sababu kuna dawa ya ziada inayowekwa kwenye jeraha la namna hiyo. Mafuta ya taa, pilipili, jiwe la nyoka, vyote hivyo havisaidii kitu. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba. Karibu watu wote wanaoupata wameupata kwa mbwa, asilimia 99 kwa mujibu wa WHO.

Mbwa naye asiende popote. Afungwe mahali salama penye kivuli, maji na chakula, aangaliwe siku 10 tangu alipouma. Kama alikuwa na virusi kwenye mate siku ile, ndani ya muda huo ataugua na kufa. Akiwa mzima siku zikiisha, daktari wa mtoto ataamua kuhusu sindano zilizobaki. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata. Na chanjo ya mbwa isubiri siku hizo zipite, maana akichoka kwa sababu ya sindano mtashindwa kujua ni dalili au ni chanjo.

Mla Mua
Dokta, si tunamwekea maji tu? Akiyaogopa ni kichaa.

Dokta wa Ng'ombe
Hapana. Kuogopa maji ni kwa binadamu. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuvuka mto. Angalia tabia kubadilika ghafla, kung'ata mawe na vijiti, sauti kuwa ya ajabu, udenda, taya kulegea, kushindwa kumeza. Na mdomo ukilegea usiingize mkono kutoa "mfupa uliokwama". Watu wameepuka kuumwa wakaja kufa kwa kuingiza mkono.

Chuma Chakavu
Hebu tuwe wakweli, aliyeshikwa mkia akila hata mimi ningeuma. Hiyo si dalili.

Dokta wa Ng'ombe
Sijasema ana kichaa. Nimesema hatujui, na mtoto si wa kubahatisha naye.

Nairobi Kando
Kweli kabisa. Na huyo jirani aliyehama hashtakiwi? Kutelekeza mnyama si ni ukatili?

Chuma Chakavu
Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo. Sasa wewe nenda kituoni useme umekuja kumshtaki jirani kwa ajili ya mbwa, uone watakavyokukalisha kwenye benchi.

Mama Pacha
Lakini jirani ni wa kutafutwa, hata si kwa kesi. Yeye ndiye anayejua kama mbwa alichanjwa. Mwenye nyumba wake lazima ana namba nyingine, ya mdhamini au ya kazini. Muulizeni kadi tu, msimtishe.

Kaka wa Segerea
Mtoto amepelekwa, amechomwa ya kwanza, amepewa tarehe za kurudi. Baba yake amenuna ila anaelewa. Mwenye nyumba wangu naye kapata habari, anasema mbwa aondoke mwisho wa wiki. Nimemwambia kuhusu siku 10, akasema basi zikiisha tu. Namba ya mke wa jirani nimeipata, inaita haipokelewi.

Nimemfunga nyuma ya tangi la maji, kamba ndefu. Anakula. Dokta, tumbo ni mimba kweli?

Dokta wa Ng'ombe
Bila kumshika siwezi kusema, minyoo nayo inajaza tumbo. Mimba ya mbwa ni kama siku 63, na chuchu zikishashuka hivyo mara nyingi imepita nusu. Mtafute daktari wa mifugo aje hapo hapo, usimsafirishe. Kama ni mimba, shamba lenye kuku hamsini lifute kabisa, na Arusha kwa basi lifute. Akishazaa na kuachisha, ahasiwe, la sivyo utarudi hapa mwakani na uzi huu huu.

Chuma Chakavu
Kwa hiyo zimebaki mbili: abaki kwa Kaka ambaye mwenye nyumba hamtaki, au kampuni ambayo Mama Pacha haitaki.

Mama Pacha
Kampuni na mimba? Wewe unajisikia unavyoongea?

Chuma Chakavu
Nimehesabu tu zilizobaki.

Ustadh Mkwezi
Mimi nina banda la nazi Kisarawe, walinzi wawili wanalala huko na wezi wanatusumbua. Kuku hakuna. Siku zake zikiisha na daktari akisema mzima, tuzungumze. Lakini alale nje.

Mla Mua
Ustadh! Nani aliyeona hili linakuja?

Mama Pacha
Ustadh, banda lina kivuli? Maji yapo karibu? Walinzi wanawapenda mbwa au wanawaogopa?

Ustadh Mkwezi
Maji ya kisima, kivuli cha minazi na miembe. Walinzi sijawauliza. Mmoja ni Mmakonde anajua mbwa, wa pili ni wa kwetu Tanga.

Kaka wa Segerea
Ustadh nakufuata faragha. Mke wangu lakini ameshamwita jina, Pendo, na hapo naona ugumu.

Mla Mua
Mimi naandikisha dume mmoja akizaa. Rangi yoyote. Nitamfundisha Kiswahili.

Bwana Banda
Dume wa koko utapewa bure, sawa, halafu akikua robo ya mbwa usinitafute. Wangu wamebaki wawili.

Mla Mua
Baba yao yupo, namwona kwa macho? Au naye alihama na kenta?