Laki tisa za kianzio: kompyuta mpakato au vifaa vya umeme, kwa kazi za Jumamosi na Jumapili?

Mkazi_wa_Mbagala (mleta mada)
Wanajukwaa, habari za jioni. Nimejiwekea akiba ya shilingi laki tisa na ninataka kuanza kazi ya pembeni mwisho wa wiki, kwa kuwa siku nyingine nimeajiriwa. Mawazo yangu yako mawili. La kwanza ni kununua kompyuta mpakato iliyotumika, kisha nitafute kazi za kuandika programu, ama kwa wateja wa hapa nchini ama kwa wale wa nje kupitia mtandao. La pili ni kununua drili, mita ya kupimia umeme, ngazi na vifaa vingine vidogo, nifanye wayaringi na matengenezo ya umeme majumbani. Muuzaji wa kompyuta amenishikia mashine hadi Jumamosi hii na anataka jibu. Naomba mnisaidie: kipi kinalipa zaidi?

MwanaMsimbo
Ndugu yangu, kwa maelezo uliyotoa hakuna atakayekujibu kwa haki. Unaandika programu kwa lugha gani, na je, umewahi kukamilisha kazi ya mteja mpaka akaitumia, au umeishia kwenye mazoezi ya kujifunzia? Umeme umeusomea wapi na una cheti cha ngazi gani? Jumamosi yako ni nzima, au ni zile Jumamosi za kutoka kazini mchana? Mkataba wako na mwajiri unasemaje kuhusu kazi za nje? Tafadhali jibu hayo kabla hujamlipa huyo muuzaji chochote.

Fundi_Tabata
Mimi sihitaji kusubiri majibu yote hayo, nakushauri umeme bila kusita. Sababu yangu ni moja kubwa, nayo ni kwamba mteja wa nyumba naye ni mwajiriwa kama wewe. Nenda Chanika, Kivule, Kongowe au Chamazi, huku pembezoni mwa Dar es Salaam, siku ya Jumanne uone: saiti nyingi utamkuta mlinzi na rundo la tofali. Njoo Jumamosi, mwenye nyumba yuko pale na kofia yake, amenunua mabomba ya plastiki na nyaya mwisho wa mwezi, na anatafuta mtu wa kuchimbia ukuta kabla ya fundi plasta hajaanza. Kazi yenyewe imejipanga kwenye siku unazozitaka wewe.

Tena ni kazi ambayo mtu anaona alicholipia. Unavuta waya wa milimita 2.5 kwenye soketi na wa 1.5 kwenye taa, unafunga sakiti breka na kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, unachimbia arthi, unapima, unaondoka. Ukiwasha taa na ikawaka, mazungumzo ya malipo ni mafupi.

Mfumo_wa_Duka
Nakubaliana na mwenzangu hapo juu kuhusu mazungumzo ya malipo, na ninaomba niwaeleze yaliyonikuta, kwa sababu mleta mada anaweza kufikiri kwamba programu ni kazi ya kukaa kivulini tu.

Mwenye duka moja la dawa, ambaye sitamtaja, aliniomba nimtengenezee mfumo wa mauzo na hesabu ya mali. Tulikubaliana kwa maandishi: kuingiza bidhaa, kuuza, kutoa ripoti ya siku, na kuonya dawa inapokaribia kuisha muda wake. Alinilipa theluthi ya bei mwanzoni na nikapanga kuifanya kazi Jumamosi na Jumapili. Nilipompelekea, akaniambia kwamba yeye hununua dawa kwa boksi, lakini huuza kwa pakiti ya vidonge kumi, na mgonjwa akiwa na fedha kidogo humkatia vidonge vinne. Kwa hiyo boksi moja lilipaswa kusomeka kwa vipimo vitatu tofauti, na salio liendelee kuwa sahihi hata pakiti inapokatwa. Jambo hilo halikuwamo katika makubaliano na linagusa kila sehemu ya mfumo, kuanzia manunuzi hadi ripoti. Nikalifanya. Baada ya hapo akataka matawi mawili yasomane, kisha madeni ya wateja wake wa kudumu, kisha risiti zitoke kwa mpangilio mwingine. Kila nyongeza aliiita marekebisho madogo, na kila nilipotaja bei alinikumbusha kwamba salio langu liko mikononi mwake.

Lililoniumiza zaidi si fedha. Simu zilikuwa zikiingia Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa mbele ya mwajiri wangu, kwa sababu muuzaji wa zamu alishindwa kuingia kwenye mfumo na foleni ya wagonjwa ilikuwa imesimama. Duka la dawa halifungwi ati kwa kuwa mtengenezaji wa mfumo hupatikana Jumamosi. Fundi umeme akimaliza nyumba anaondoka na ngazi yake, lakini mfumo unaotumika kila siku unabaki na namba yako ya simu. Theluthi ya mwisho sijalipwa hadi leo, na duka linaendelea kuutumia.

Mleta mada, anayetaka kuandika programu mwisho wa wiki achague kazi zenye mwisho unaoonekana: tovuti ya kampuni ndogo, kuhamisha taarifa kutoka kwenye majedwali kwenda mfumo mpya, au kusahihisha kasoro moja iliyoelezwa vizuri. Asiguse mfumo wa mauzo wa mtu anayefungua duka kila siku.

Mhandisi_Kigamboni
Pole sana, ndugu. Hata hivyo nisingependa mleta mada aondoke hapa akiamini kwamba upande wa umeme hauna masharti. Kufunga umeme katika jengo kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja yanayolingana na elimu na uzoefu wa mwombaji. Mwenye nyumba anapoomba kuunganishiwa umeme na shirika la umeme, TANESCO, kazi ya ndani ya nyumba inapaswa kuwa imethibitishwa na mkandarasi mwenye leseni. Bila hiyo, mleta mada atachimbia ukuta na kuvuta waya, lakini hatakuwa na mamlaka ya kusaini. Atakuwa anafanya kazi chini ya jina la mtu mwingine, na huyo mtu ndiye atakayepanga bei.

Fundi_Tabata
Mzee wangu, hilo la leseni silipingi, lakini unalieleza kama ukuta usio na mlango. Vijana wengi huanza kwa kumsaidia mkandarasi mwenye leseni, wanalipwa kwa pointi, yaani kwa kila taa au soketi, na huku wanakusanya uzoefu utakaohitajika watakapoomba leseni yao. Kubadilisha taa au soketi iliyoungua ni kazi ya saa moja na majirani wanaiomba kila wiki.

Mhandisi_Kigamboni
Soketi iliyoungua ndiyo hasa inayonitia hofu. Soketi haiungui yenyewe. Ama waya ni mwembamba kuliko mzigo, ama skrubu ya ndani imelegea, ama kuna pasi na jiko kwenye njia moja. Anayebadilisha uso wa soketi na kuondoka ameacha chanzo cha moto ndani ya ukuta, na usiku watoto wanalala humo. Ninasisitiza leseni kwa sababu ya watoto hao, si kwa kupenda makaratasi.

Mkazi_wa_Mbagala (mleta mada)
Nashukuru kwa michango yenu, na samahani kwa kutotoa maelezo mapema. Nina cheti cha ufungaji umeme cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ngazi ya pili, ila baada ya kumaliza niliajiriwa ghalani na sikuendelea na ufundi. Programu nimejifunza mwenyewe usiku. Ninaandika PHP na Python, na nimetengeneza tovuti ya kanisa letu, ambayo ipo hewani. Jumamosi ninatoka kazini saa saba mchana.

MwanaMsimbo
Unaona sasa kwa nini nilikuuliza? Mwisho wa wiki wako ni siku moja na nusu, na hiyo nusu utaipoteza barabarani ukienda saiti ya Chanika kutoka ghalani. Kwa saa chache namna hiyo mimi ningechukua kompyuta, kwa kuwa unaweza kufanya kazi Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri hadi usiku bila kupanda gari. Ila usitegemee mteja wa Marekani akujibu papo hapo. Saa mbili asubuhi ya Dar es Salaam, New York ni saa sita au saa saba usiku, kutegemea msimu. Ujerumani wako nyuma yetu kwa saa moja au mbili tu, na wateja wa huko ni rahisi zaidi kwa mtu wa ratiba yako.

Nyaya_na_Kamera
Mnajadili njia mbili wakati kuna ya tatu inayotumia elimu zake zote: kuvuta nyaya za mtandao na kufunga kamera katika ofisi. Ofisi nyingi hazitaki fundi juu ya meza zao siku za kazi, kwa hiyo humwita Jumamosi mchana na Jumapili, watu wakiwa wameondoka. Kazi inakwisha Jumapili jioni kwa sababu Jumatatu ni lazima ofisi ifunguliwe.

Vifaa vya kuanzia vinapatikana Kariakoo na havimalizi laki tisa: koleo la kubana vichwa vya waya, kipimo cha kuthibitisha kila uzi umefika, drili na ngazi. Mpangilio wa rangi tunaoutumia wengi ni chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia, na ni lazima ncha zote mbili zifanane. Waya mmoja usizidi mita 100 kutoka swichi ya mtandao hadi kifaa. Mteja akikuletea waya wa bei ya chini, ukwangue kwa kisu kabla ya kuuvuta: ukiona weupe ndani ya rangi ya shaba, huo ni alumini iliyopakwa. Kamera inayopata umeme wake kupitia waya wa namna hiyo inaweza kuzimika usiku, taa zake za kuonea gizani zinapowaka, na lawama zitakuja kwako. Kwa mtu anayeelewa umeme na pia anaelewa anwani za mtandao, sioni kazi bora ya mwisho wa wiki.

Pwani_Mombasa
Ndugu wa Tanzania, mbona mmeacha kuzungumzia malipo ya nje? Huku Kenya, tangu mwaka 2018, mtu hupokea fedha kwa PayPal na kuzihamishia M-Pesa yake. Mleta mada akiwa na jamaa Mombasa au Nairobi, kwa nini asipokelewe malipo na jamaa huyo kisha atumiwe?

MwanaMsimbo
Kaka, hapa kwetu PayPal huturuhusu kulipa lakini haituruhusu kupokea, na ndiyo sababu wengi wamejaribu njia hiyo ya jamaa. Simshauri. Jina la kwenye akaunti likitofautiana na la anayefanya kazi, akaunti hufungwa na fedha hubaki humo humo, na jamaa yako ndiye anayeachwa akijieleza. Atumie huduma inayoingiza fedha kwenye akaunti ya benki iliyo kwa jina lake, na aulize makato yote kabla ya kukubali bei ya kazi.

Pwani_Mombasa
Umesema kweli kuhusu jina, ingawa kwetu watu wa familia moja wamekuwa wakisaidiana hivyo bila tatizo. Ninachosema ni kwamba bei ya kazi ya nje ni nzuri mno kuachwa kwa sababu ya usumbufu wa kupokea fedha.

Mswahili_Muscat
Salamu kutoka Oman. Kuna jambo ambalo watu wa ratiba ya mleta mada hawalifikirii. Huku mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ni siku ya kwanza ya kazi. Sisi tuko mbele yenu kwa saa moja tu. Mtu wa Dar es Salaam aliye huru Jumapili nzima anaweza kuzungumza na mteja wa Muscat akiwa ofisini kwake, mezani, tena kwa Kiswahili, maana familia nyingi zenye asili ya Zanzibar zina biashara hapa. Asichanganye na Dubai: Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili mwaka 2022.

Mfumo_wa_Duka
Hilo la Muscat ni la thamani, na ningelijua mapema. Swali langu kwa ndugu wa Oman: wafanyabiashara hao wanatafuta tovuti, au nao wanatafuta mfumo wa duka?

Mswahili_Muscat
Wengi ninaowafahamu huomba tovuti ya Kiarabu na Kiingereza, na wenye maghala huomba hesabu ya mali. Ni kweli kwamba hesabu ya mali itakurudisha kwenye shida uliyoieleza.

Mkazi_wa_Mbagala (mleta mada)
Nimesoma yote mara mbili. Wazo la nyaya na kamera sikuwa nalo kabisa, na limenivutia. Hata hivyo ninaona kwamba nitahitaji kompyuta hata huko, kwa ajili ya kupanga anwani za kamera. Je, mashine dhaifu ya bei ndogo itatosha, ili fedha inayobaki niinunulie koleo na kipimo?

Nyaya_na_Kamera
Inatosha, mradi iwe na tundu la waya wa mtandao, kwa maana mashine nyingi nyembamba siku hizi hazina. Mwombe muuzaji aichomeke kwenye waya mbele yako, na pia aiwashe bila chaja uone betri inakaa muda gani.

Fundi_Tabata
Mdogo wangu, kabla hujanunua chochote, Jumapili hii nina nyumba ya vyumba vinne Chamazi. Njoo na bisibisi yako tu. Utalipwa kama msaidizi na utajua kama mikono bado inakumbuka ulichosoma VETA.

Mhandisi_Kigamboni
Mwaliko mzuri, na mwenye leseni wa nyumba hiyo awepo saiti. Ninarudi kwenye swali la dada MwanaMsimbo ambalo mleta mada hajalijibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, lakini hilo halifuti vipengele vya mkataba uliousaini. Ghala lako linamilikiwa na kampuni ya vifaa vya umeme, au vya namna gani? Je, mkataba unakukataza kufanya kazi inayofanana na yao?